Moyo wa Hajati Mariam Poni

Waliotuachia methali hawakuwa watu wa kupoteza mate bure. Waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, walikuwa wamekwisha kuona mengi: watu wanaofunika vidonda kwa nguo safi, wakiulizwa hali wanajibu "sijambo, sijambo," mpaka siku ile nguo inapovuliwa na mikono ya wengine. Asiyeamini na asikilize yaliyoifika nyumba moja ya Awindiri, mjini Arua, mwaka wa sabini na saba. Na kama ana mgonjwa anayemficha ndani, asingoje mwisho wa hadithi, ainuke sasa hivi akatafute msaada.

Ilikuwa asubuhi, kwenye kizuizi cha daraja la Pakwach. Abiria walikuwa wameteremshwa na kupangwa kando ya barabara, mizigo yao miguuni. Askari mmoja alilichukua kopo la maziwa ya unga kutoka katika mkoba wa kijana mmoja aliyeitwa Tahiru, akalitikisa karibu na sikio.

"Iko nini ndani?"

"Maziwa, afande."

"Maziwa gani nalia kama jiwe?"

Askari akafungua kifuniko, akaokota kijiti na kukichomeka katikati ya unga. Kijiti kilizama kidogo, kikakwama. Ndani ya unga ule, katika mifuko miwili iliyozibwa kwa moto, kulikuwa na kifaa chenye betri na waya mrefu. Siku zile za utawala wa kijeshi mtu aliyekutwa na kitu chenye betri na waya aliitwa jasusi kwanza, maswali yakafuata baadaye, kama yalifuata.

"Yameshikana kwa unyevu, afande," alisema. "Ni ya mama yangu, Hajati Mariam Poni wa Awindiri."

Loo! Jina likafanya kazi ambayo hongo isingeifanya. Askari alichomoa kijiti, akafuta mikono surualini, akalifunga kopo vizuri kuliko lilivyofungwa mwanzo. "Mama ya wewe iko Hajati? Kwa nini hukusema mbele? Haya, pita. Mwambie atuombee dua."

Tahiru alipita. Alimshukuru Mungu, kisha akaona haya, kwa kuwa alijua mama yake hajawahi kuiona Makka hata kwa picha nzuri.

Tuyaeleze haya mapema, msikilizaji asije akapotea. Arua nzima ilimwita Tahiru "Daktari," na akina mama walimletea watoto wenye homa awatazame ndimi. Lakini hakuwa daktari wa sindano na vidonge. Alikuwa mhandisi wa umeme, aliyepata shahada ya uzamivu huko Uswidi, na baada ya shahada profesa wake akambakiza maabara kama mtafiti kwa mkataba mfupi. Mikataba ya namna ile hufufuliwa matokeo yakipendeza, na yasipopendeza huzikwa bila matanga. Kazi yao ilikuwa kuunda vifaa vya umeme vya kupandikizwa ndani ya mwili: vingine vya kuamsha mishipa ya fahamu ya watu waliopooza, vingine vya kuusukuma moyo unaosahau kupiga. Kifaa cha moyo kilitoshana na kopo la rangi ya viatu. Hufukiwa chini ya ngozi ya kifua, waya wake ukapita ndani ya mshipa hadi moyoni, na moyo ukizubaa kifaa huukumbusha kwa umeme kidogo.

Moyo wa Mariam Poni ulikuwa wa kuzubaa hivyo. Mwaka wa sabini na nne alianguka sokoni, akaanguka tena kisimani. Tahiru alimwangukia profesa miguuni, karibu kwa maana halisi, mpaka mama yake akakubaliwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza wa kifaa kipya cha maabara yao.

"Na huko kwenu nani atamwangalia?" profesa aliuliza.

"Kuna rafiki yangu mganga," Tahiru alijibu.

Rafiki alikuwapo kweli. Aliitwa Draku, Mlugbara wa Ediofe, waliyesoma naye utotoni, sasa mganga msaidizi katika zahanati. Ila Draku hakuambiwa neno, wala siku ile, wala baadaye. Sababu ni kwamba nyumbani nako kulikuwa kumepikwa uongo mwingine, mkubwa zaidi, na mpishi wake alikuwa Mariam Poni mwenyewe.

"Wakisikia nimekwenda kupasuliwa kwa sababu naanguka, watasema ni kifafa," alisema. "Watasema kiko katika damu yetu. Nani atamwoa Madinah?" Madinah ndiye binti yake wa pekee, mdogo wake Tahiru. "Msimu huu watu wanakwenda kuhiji. Semeni nami nimekwenda Makka."

Basi akaenda Uswidi, akapasuliwa, akarudi na tende zilizonunuliwa njiani. Wanawake wenzake wa Kinubi walimpokea kwa vigelegele, wakamkalisha kwenye mkeka mpya, wakamwita Hajati. Wakati wa kahawa ya tangawizi waliomba awasimulie. Mariam Poni, katika kunogewa na masimulizi, akasema asubuhi za Makka pumzi ilimtoka mdomoni kama moshi kwa baridi. Wanawake walitazamana. Sadiya, rafiki yake tangu usichana, akawahi kuinua birika, "Haya, nani hajapata kahawa?" na mazungumzo yakageukia mengine.

Miaka ikapita, jina la Hajati likamkaa. Kisha kule maabara yakazuka mambo. Ganda la kile kifaa lilikuwa la utomvu mgumu wa kiwandani, na mwili wa binadamu ni maji ya chumvi. Tahiru mwenyewe, katika majaribio yake, aliona jinsi unyevu unavyopenya polepole hadi kwenye betri na kuila. Profesa akatoa amri wagonjwa wote wabadilishiwe vifaa mapema. Kwa Mariam Poni mambo yalipangwa hivi: Tahiru amletee kifaa kipya, daktari mmoja wa upasuaji aliyeko Kampala akiweke. Kilichobaki ni kumtoa mama Arua na kumfikisha huko tu.

Tahiru alipofika Awindiri kutoka darajani, alikuta ua umejaa watu. Madinah alikuwa amechumbiwa na kijana wa Koboko, na harusi ilikuwa Jumamosi ile. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akisuka kawa ya kufunikia sinia, kikapu cha nyuzi rangi rangi kando yake. Tahiru alipiga magoti kumsalimu, akaushika mkono wake na hakuuachia. Kidole chake kiliutafuta mshipa.

Ulipiga. Akangoja. Akaendelea kungoja, mpaka akadhani kidole kimekosea mahali. Ukapiga tena.

"Niachie mkono, nina kazi," mama alisema, akacheka.

"Mama, tulikubaliana nini? Kila asubuhi uushike mshipa mbele ya saa ya ukutani. Moyo ukiwa wa polepole kuliko saa, uniletee habari."

"Saa yenyewe imekufa."

Tahiru aliingia ndani. Saa ilikuwa imesimama kweli, na vumbi juu yake. Aliutia ufunguo, akauzungusha, na papo hapo saa ikaanza kwenda, tak, tak, tak, nzima kabisa. Alisimama pale akiisikiliza. Mama yake hakuwa ameharibikiwa na saa. Aliogopa ilichokuwa ikimwambia, akaacha kuijaza.

Alitoka, akachutama karibu naye, akanong'ona. "Twende Kampala kesho. Nakuomba, mama. Ninacho kingine, kiko ndani ya lile kopo la maziwa."

"Kesho? Bibi harusi akiwa ndani, mama yake apande gari aende zake? Watu watauliza."

"Waulize!"

"Utawajibu nini? Kwamba mama yako ana kifafa, ana chombo cha Wazungu kifuani, na Makka hakwenda?" Mikono yake iliacha kusuka. "Mzee Dumo alipokuja kumposea mwanawe alisema hapa uani, nataka binti wa nyumba ya Hajati. Na wakwe wale ni watu wa jeshi, Tahiru. Wakisikia kuna betri na waya ndani ya mtu, wataniacha? Watakuacha wewe? Harusi ipite. Jumapili asubuhi nitapanda gari kabla hujaniita."

Tahiru alijua kilivyo kile kifaa kuliko mtu yeyote kati ya Arua na bahari. Alijua betri ikifikia hapo haina ahadi na Jumapili. Lakini alifikiria pia lile jibu alilompa profesa, na mkataba wake uliokuwa unangoja matokeo mazuri, na yule askari wa darajani. Akaenda kulifungia kopo kabatini. Kila mama yake alipoinama kuokota uzi, yeye huinuka nusu. Kila alipokawia chooni, yeye huenda kusimama karibu na mlango, akijifanya anatazama mawingu.

Siku ya Alhamisi Draku alikuja kuwapa hongera. Akaletewa kahawa, akaketi, macho yake yakimfuata Mariam Poni aliyekuwa akivuka ua na ungo wa mchele. Katikati ya ua mama alisimama, akaushika mti wa kuanikia nguo, akafumba macho. Kisha akaendelea na safari yake.

"Daktari," Draku alisema polepole, "Hajati iko sawa kweli?"

Tahiru alimwongezea kahawa. "Uchovu wa harusi. Na malaria kidogo."

"Hii si malaria. Sura yake imekuwa ya majivu." Draku akasogeza kiti. "Sikia, ndugu yangu. Kesho asubuhi mimi nasindikiza mgonjwa Kampala na gari ya misheni. Nafasi iko. Tunaweza kumlaza nyuma, mimi mwenyewe nitakuwa naye njia yote. Atarudi, harusi ingine atacheza."

Mlango wa kutokea ndio huo ulikuwa umefunguliwa! Gari lipo, mganga yupo, vizuizi vyote vya barabarani hupisha gari la mgonjwa. Tahiru alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi: Draku, mama ana kifaa moyoni, kinakufa. Akainua macho, akamwona mama yake amesimama mlangoni na ungo wake, anamtazama. Hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alimtazama tu, kwa hofu ya mtoto anayengoja kuchongewa.

"Hakuna mgonjwa hapa, Draku," Tahiru alisema. "Nenda salama."

Draku alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akaaga. Asubuhi ya Ijumaa gari la misheni liliondoka Ediofe, na mahali pa Mariam Poni pakabaki patupu. Tahiru aliusikia mlio wake likipita barabarani, au alidhani ameusikia.

Jumamosi, jua likiwa limepanda, watu wa Koboko waliwasili. Mzee Dumo, baba wa bwana harusi, alikuja na gari lake mwenyewe, akaliegesha mbele ya baraza. Ndoa ikafungwa, wali ukaliwa, ngoma ya doluka ikaanza. Wanawake waliovalia gurbaba, vitambaa vyao vya rangi vya kujifunga, walipiga makofi kwa zamu, wakiwaita wakwe, shangazi, marafiki. Desturi ni desturi: bibi harusi hatoki kwa mama yake kabla mama hajaingia uwanjani.

"Hajati! Hajati!" waliita.

Tahiru alipenya katikati ya watu hadi kwa mama yake. "Usiingie. Sema mguu unauma. Sema lolote."

"Nimesema mangapi mpaka leo, mwanangu?" alijibu, akatabasamu. "Hili moja nilifanye kwa kweli."

Akaingia. Na alicheza! Alicheza polepole, mabega yakiongoza, kichwa juu, hata wazee walioketi barazani wakasimama kumtazama. Vigelegele vikapaa. Madinah alikuwa akicheka na kulia chini ya ushungi wake. Tahiru peke yake hakuona ngoma. Aliona midomo ya mama yake ikigeuka rangi. Mama alinyosha mkono kama anayetafuta ukuta, hakuupata, akaenda chini.

"Joto! Mpeni hewa!" watu walipiga kelele. Wengine walileta maji, mwingine kitunguu cha kunusa. Tahiru alimpakata, kidole kwenye mshipa. Hakuna. Akalaza kiganja juu ya kifua, pale alipokijua mwenyewe kile kigumu chini ya ngozi, akabonyeza, akapiga ngumi, akabonyeza tena, akiita "Mama! Mama!" Aliyejua vifaa vya moyo kuliko wote waliokuwapo hakuwa na la kufanya kwa mikono mitupu. Kipya kabisa kilikuwa kabatini, ndani ya maziwa. Draku alikuwa Kampala. Mariam Poni alifumbua macho mara moja, akamwona Madinah, akayafumba.

Ngoma zilizopigwa kwa furaha zikakusanywa kimya kimya. Mikeka ile ile ya harusi ikawa ya msiba. Kwa Waislamu maiti hacheleweshwi, na wanawake wakaingia chumbani kuosha, Sadiya akiwaongoza. Tahiru alikaa barazani kati ya wanaume, Mzee Dumo ubavuni mwake, akisikia maji yakimwagwa ndani. Alijua wanaanza na mikono. Alijua watafika kifuani. Hakuwahi kuogopa kitu hivyo, hata darajani.

Maji yakanyamaza. Zikasikika sauti za kunong'ona, mtu mmoja akasema "Bismillahi!" Kisha pazia likafunguliwa, Sadiya akatoka, mikono imelowa mpaka viwikoni. Alisimama mbele ya wanaume wote.

"Tahiru," alisema. "Mama yako ana kovu chini ya mtulinga, na chini ya kovu kuna kitu kigumu. Wenzangu wanaogopa kumgusa. Tuambie ni nini, tumalize kumwosha rafiki yangu."

Hapakuwa tena na mahali pa kujificha. Tahiru alisimama, akawaambia yote kwa sauti: moyo, kifaa, betri, Uswidi. Hata lile la Makka alilitaja. Alisema pia habari za gari la misheni. Alipomaliza alimgeukia Mzee Dumo, akingoja hukumu yake na ya dada yake.

Mzee Dumo alivua kofia, akaipangusa bila sababu, akaivaa tena. "Kijana," alisema, "sisi tulikuja kuoa Madinah. Hatukuja kuoa Makka. Mgonjwa ni wa watu wote. Gari ya mimi iko hapo tangu asubuhi. Unaona? Hapo. Ungesema neno moja, mimi mwenyewe ningeendesha."

"Na hao unaowaogopa kwa ajili ya Makka ni nani?" Sadiya aliongeza, machozi yakimshuka sasa. "Tulijua tangu siku ya kwanza. Mtu atoke Makka aseme pumzi ilifuka moshi kwa baridi! Tulinyamaza kumstahi. Tulidhani alikuwa na siri ya furaha, tukamwachia. Kumbe alikuwa anakufa mbele yetu na sote tunamiminiana kahawa." Akageuka kurudi ndani. "La kuvunda halina ubani, mwanangu."

Wakamwosha, wakamvika sanda. Jioni ile, makaburini, imamu aliuliza ataje jina gani katika dua. Watu wote walimtazama Tahiru. "Mariam Poni," alijibu, na hakuongeza kitu mbele yake.

Draku alirudi siku ya tatu, akaja moja kwa moja kutoka garini, vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi, habari zote amekwisha kuzisikia njiani. Hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Alikaa mkekani, akamshika bega, akasema tu, "Kampala daktari mmoja wa upasuaji alinisalimu. Aliuliza mama wa Arua anakuja lini. Mimi nilimwambia simjui mama huyo."

Tahiru aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa. Mbele ya waombolezaji wote alilimimina kwenye sinia, akaitoa ile mifuko miwili kutoka katika unga, akaipangusa, akaiweka mapajani mwa Draku. Kifaa kilikuwa kizima, kikavu, hakijaingiwa na tone la maji. Draku alikigeuza geuza, wanawake wakasogea kutazama, na Madinah akanyosha kidole akakigusa.

"Kumbe ni kadogo hivi," Madinah alisema.

Ndani, saa ya ukutani ilikuwa ikienda, tak, tak, tak, kwa kuwa toka siku ile aliyoijaza Tahiru hakuna aliyeisimamisha. Mkataba wake kule Uswidi haukufufuliwa, maana safari hii alimweleza profesa kila kitu, hata lile la mganga asiyeambiwa. Lakini hilo halikumliza. Kilichomliza mpaka uzeeni ni nafasi moja tupu nyuma ya gari la misheni, na neno moja ambalo angeweza kulisema akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Mariam Poni alilificha gonjwa lake chini ya nguo, chini ya ngozi, chini ya jina la heshima, na mwanawe akamsaidia kulificha. Alikuja mwoshaji akalifunua kwa maji ya birika tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.